Miale ya elektroni hewani: inafika wapi kabla hewa haijaimaliza?

#1 Mkolani_Boy
Wakuu, salaam. Kijiweni kumezuka ubishi tangu juzi na haujapoa. Fundi mmoja wa mtaani kwetu anadai miale ya elektroni haipiti hewani hata kidogo, ndiyo maana tyubu ya TV za chogo hunyonywa hewa yote. Jamaa mwingine anamkatalia: elektroni zinapita hewani bila shida, na hospitalini zinatumika kutibu saratani huku mgonjwa kalala kwenye chumba chenye hewa hii hii tunayovuta. Kila mmoja kashikilia lake. Nani mkweli hapo? Na kama zinapita, zinafika umbali gani, na kinachozizuia ni nini hasa? Wajuzi shukeni, nimeweka kambi.

#2 Fundi Solda
Fundi mwenzangu hajakosea. TV za chogo nimezifungua nyingi. Itazame tyubu kwa nyuma, pale shingoni, utaona ndani ya kioo doa la rangi ya fedha linalong'aa. Ile ni bariamu, kazi yake kunasa hewa kidogo iliyosalia baada ya kunyonywa kiwandani. Tyubu ikipata ufa, hata ule usioonekana kwa macho, doa linageuka jeupe kama maziwa. Nikiliona hivyo sigusi flaibeki (transfoma inayozalisha volti kubwa za tyubu) wala simtumi mteja akanunue spea. Tyubu imekwisha. Mle ndani volti kama 25,000 zinazivuta elektroni kuelekea kioo, na bado hewa ikiingia hupati hata nukta ya mwanga. Mnataka ushahidi gani mwingine?

#3 Pwani Tulivu
Solda, doa kugeuka jeupe ni kweli, ila hitimisho lako silikubali. Hewa ikiingia, hita iliyoko shingoni ndiyo inayoungua kwanza, oksijeni inaimaliza. Hita ikifa, hakuna elektroni inayotoka. Sasa utasemaje zimeshindwa kupita wakati hazikutoka kabisa?

#4 Mwalimu wa Zamu
Nawasalimu. Jambo hili lilipimwa miaka ya 1890, hatuna haja ya kukisia.

Mwaka 1892 Heinrich Hertz aliona kwamba miale ya kathodi, jina la wakati huo la miale ya elektroni, hupenya bamba jembamba la metali. Msaidizi wake kule Bonn, Philipp Lenard, akatengeneza tyubu yenye kidirisha cha alumini mwishoni. Kidirisha chenyewe kilikuwa na upana wa milimita 1.7 na unene wa milimita 0.00265. Chembamba cha kutosha kupitisha elektroni, imara cha kutosha kuizuia hewa ya nje isibonyee ndani. Miale ikatoka ikaingia kwenye hewa ya maabara. Mbele ya kidirisha hewa ikang'aa kwa mwanga hafifu wa buluu, na karatasi aliyoipaka kemikali ikawaka hadi umbali wa sentimita 8 hivi. Nobel ya mwaka 1905 aliipata kwa kazi ya miale hiyo.

Kwa hiyo zinapita, ila haziendi mbali, na umbali unategemea volti zilizozisukuma. Kwa hewa ya usawa wa bahari, elektroni ya volti 25,000, yaani ile ya TV ya Solda, inakwenda sentimita 1 na kidogo. Ya volti 100,000 inakwenda sentimita 13 hivi. Ya volti milioni 1, mita 4. Ya volti milioni 10, mita 40 na kitu. Hapo nimehesabu urefu wa njia yote hadi elektroni inaishiwa. Njia yenyewe ina kona nyingi, kwa hiyo mahali inapofia huwa karibu zaidi na ilikotoka.

#5 Fundi Solda
Sentimita moja! Na kutoka shingoni hadi kwenye kioo cha TV ya nchi 21 ni sentimita ngapi? Mwalimu kanipa ushindi mchana kweupe.

#6 Pwani Tulivu
Kakupa nusu. Mwenzako alisema hazipiti hata kidogo. Sentimita moja si sifuri, mzee wangu.

#7 Dogo wa PCM
Shikamoo mwalimu. Mimi kinachonichanganya ni hiki. Tunafundishwa kwamba atomu karibu yote ni nafasi tupu, na elektroni ni ndogo mno. Mbona isipenye tu katikati? Inagonga nini?

#8 Mwalimu wa Zamu
Marahaba kijana. Haina haja ya kugonga. Elektroni ina chaji, kwa hiyo ikipita jirani na molekuli ya naitrojeni au oksijeni inazisukuma elektroni za molekuli hiyo bila kuzigusa, na mara nyingine inaing'oa moja. Kila jozi ya ioni (elektroni iliyong'oka na molekuli iliyobaki) inayozaliwa hewani inaigharimu kwa wastani elektronivolti 34; elektronivolti moja ni nishati ya elektroni iliyosukumwa na volti moja. Elektroni ya TV inaanza safari na akiba ya 25,000. Gawanya mwenyewe: jozi mia saba na ushee, imefilisika.

Angalia na hili, maana wengi hulipindua. Elektroni yenye kasi kubwa hupoteza kidogo kwa kila hatua. Ile ya volti milioni 1 inapoteza kama elektronivolti 2,000 kwa sentimita moja ya hewa. Ile ya volti 10,000 inapoteza kwa kiwango cha zaidi ya mara kumi ya hapo, kwa sababu inakwenda taratibu na inakaa muda mrefu zaidi karibu na kila molekuli. Kadiri inavyochoka ndivyo inavyozidi kunyang'anywa.

Na hoja yako ya udogo, Dogo, ndiyo aliyoitumia mwanafizikia J.J. Thomson mwaka 1897. Alichukua vipimo vya Lenard: hewani, mng'ao wa miale hushuka hadi nusu baada ya kama nusu sentimita. Molekuli ya hewa yenyewe husafiri kama sehemu moja ya laki moja ya sentimita tu kabla ya kugongana na nyingine. Akasema, kitu kinachokwenda mbali kiasi hiki katikati ya molekuli hizo hakiwezi kuwa na ukubwa wa atomu, lazima kiwe kidogo zaidi sana. Yaani sentimita zile chache za hewa mnazozidharau zilichangia kuitambua elektroni.

#9 Mkolani_Boy
Mwalimu asante. Kwa hiyo jibu ni kwamba nishati inaisha. Nifunge uzi?

#10 Ruhr_Mbongo
Usifunge. Mwalimu kasema kweli, lakini mimi niko Ujerumani, kazi yangu ni kuchomelea kwa mwale wa elektroni, na kazini nishati kuisha siyo shida yetu kabisa.

Mashine nyingi za aina hii hufanya kazi ndani ya chemba ya ombwe, yaani iliyonyonywa hewa. Karl-Heinz Steigerwald alitengeneza za kwanza hapa Ujerumani miaka ya 1950. Ila kuna aina nyingine inayochomelea hewani, na ndiyo niliyopo. Mwale unazalishwa kwenye ombwe kule juu, kisha unateremka kupitia vyumba kadhaa vidogo vilivyopangana, kila kimoja kina pampu yake na kitundu kidogo chini. Hewa inayopenya kwenye kitundu cha mwisho inanyonywa kabla haijafika juu. Mwale unatoka kwenye ncha ukiwa na volti kama 175,000 na unagonga chuma kilicho wazi hewani.

Sasa shikeni hesabu ya mwalimu. Volti 175,000 inakwenda zaidi ya sentimita 30. Lakini kazi yetu inafanyika sentimita moja, mbili, ikizidi sana tatu. Ukiinua ncha zaidi ya hapo, ule mstari mwembamba unaoyeyusha chuma unatanuka, unakuwa joto lililosambaa, na mshono unakuwa mpana hauna kina. Nishati ipo tele, elektroni ziko hai, ila kila moja imeshika njia yake. Kinachoua mwale ni kutawanyika. Tunapuliza heliamu pale kwenye ncha kupunguza tatizo hilo, maana atomu zake ni nyepesi na zinazipotosha elektroni kidogo kuliko hewa.

#11 Mwanaidi wa Mionzi
Nimesoma #1 na #10. Nipo kwenye tiba ya mionzi Dar, niseme la hospitalini.

Mashine ya kuharakisha elektroni tunayotibia ina uwezo wa kutoa elektroni zenyewe au kuzigongesha kwenye metali zitoe eksirei. Tukitumia elektroni, nishati ni kati ya volti milioni 6 na milioni 20 hivi, kwa uvimbe ulio karibu na ngozi. Mgonjwa yuko mita 1 kutoka chanzo, na katikati ni hewa tupu. Katika mita hiyo, elektroni ya milioni 6 inapoteza kama robo milioni. Si kitu. Kwenye mwili ndiko inakoishia, kama sentimita 3 chini ya ngozi, kwa sababu mwili ni mzito mara mia kadhaa kuliko hewa. Hiyo ndiyo faida yake, viungo vilivyo ndani zaidi vinasalimika.

Lakini Ruhr_Mbongo yuko sawa kuhusu kutawanyika. Hatuachi miale ije hivi hivi. Tunafunga aplikeita, fremu ya metali yenye ngazi ngazi, inayoshuka hadi sentimita chache tu juu ya ngozi. Bila hiyo, ukingo wa eneo la tiba unakuwa na ukungu: elektroni zilizopotoshwa na hewa zinaangukia ngozi nzima, na pale kwenye uvimbe dozi inapungua pembeni. Nikiipanga fremu hiyo huwa naikagua mara mbili, maana kosa la kipande kidogo cha madini ya risasi kukaa upande linaonekana kwenye ngozi ya mtu.

#12 Mkolani_Boy
Kumbe jamaa wa hospitali naye kashinda. Dada Mwanaidi ubarikiwe.

#13 Pwani Tulivu
Mbona hakuna anayetaja jambo la wazi? Elektroni zote zina chaji hasi. Chaji zinazofanana zinasukumana. Ukizifunga pamoja kwenye mwale mwembamba zitatawanyana zenyewe hata kama hakuna hewa. Kwa nini lawama zote apewe hewa?

#14 Kamanda wa Chole
Pwani, kwenye ombwe una hoja. Hewani mambo hugeuka, na hili ndilo lililowafanya Wamarekani wamwage fedha kwa miaka mingi.

Mwale mzito ukiingia hewani unazitengeneza ioni njiani. Elektroni zilizong'olewa kwenye hewa ni nyepesi, mwale unazisukuma pembeni zikimbie. Ioni chanya ni nzito, zinabaki. Zinafuta ile chaji hasi ya mwale, kwa hiyo kusukumana kunaisha. Kinachobaki ni ugasumaku unaotokana na mkondo wenyewe, na huo unaubana mwale uingie ndani. Willard Bennett aliandika habari ya kubanwa huko mwaka 1934. Kwa hiyo hewa ile ile inayotawanya ndiyo pia inayosaidia kukaza.

Kutokana na hapo kukaja mradi wa Seesaw, ulioanza mwaka 1958 chini ya ARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, wa kutafuta mwale wa kuangusha makombora. Mwenye wazo alikuwa Nicholas Christofilos, ambaye kabla ya hapo alikuwa mhandisi wa lifti kule Athens. Ulikufa mwaka 1972. Baadaye maabara ya Livermore huko California ikajenga mashine ya ATA: volti milioni 50, mkondo wa ampea 10,000, kwa mapigo mafupi mno. Nia mojawapo ilikuwa kupeleka mapigo mfululizo. Pigo la kwanza linapasha hewa joto, hewa inatanuka na kuwa nyepesi, la pili linapita kwenye njia hiyo na kwenda mbali zaidi, na kuendelea. Kutoboa hewa, kwa lugha yetu.

#15 Fundi Solda
Fundi wa lifti kapewa mradi wa makombora? Kamanda, hii chai ina tangawizi.

#16 Kamanda wa Chole
Solda, hiyo siyo chai. Alijisomea fizikia mwenyewe akiwa kazini, akawaandikia barua wataalamu wa Marekani kuhusu njia ya kukaza miale ndani ya mashine. Walipuuza, kisha wenyewe wakafika kwenye wazo hilo hilo, ndipo wakamtambua. Wewe na solda yako usikate tamaa.

#17 Ruhr_Mbongo
Kamanda, kubanwa kupo, lakini kwa ampea 10,000. Mashine yangu ni milliampea mamia. Kwangu ugasumaku hausaidii kitu, kinachotawala ni kona za elektroni kwenye viini vya atomu za hewa. Na hata huko ATA mwale uliobanwa una ugonjwa wake: ukiyumba kidogo mwanzoni, myumbo unakua njiani hadi unapiga pembeni. Silaha haikupatikana.

#18 Kamanda wa Chole
Silaha haikupatikana, ila hilo halifuti hoja yangu. Mwale mzito na mwale mwepesi haviendi hewani kwa kanuni ya aina moja. Hesabu ya mwalimu ni ya elektroni moja moja.

#19 Mwalimu wa Zamu
Ni ya elektroni moja moja, ndiyo. Na hata kwenye kundi kubwa, kila moja bado inalipa ile 34 kwa kila jozi.

#20 Kamanda wa Chole
Kama hewa mbele yake bado ipo pale, mwalimu. Hewa ikishafukuzwa na pigo lililotangulia, inalipa kwa nani?

#21 Jirani wa Nakuru
Niko hapa kutoka Kenya, nimefurahia sana. Niongeze kitu kuhusu ule mwanga wa buluu. Kuna picha maarufu ya Berkeley, mwaka 1939, mashine kubwa ya saiklotroni inatoa mwale wa elektroni hewani na unaonekana kabisa kwa macho, ulimi mrefu wa buluu. Huo ni mwanga wa Cherenkov, kitu kikienda kasi kuliko mwanga unavyokwenda kwenye hewa.

#22 Dogo wa PCM
Hapo nimeona vitu viwili. Kwanza, picha ile ni ya dyuteroni, yaani viini vya haidrojeni nzito, siyo elektroni. Dyuteroni ni nzito, inakwenda karibu moja kwa moja, ndiyo maana ule ulimi una umbo safi na mwisho unaoonekana. Mwale wa elektroni hewani hutoka kama kichaka, hauna ncha.

Pili, Cherenkov. Mwanga hewani unapungua kasi kidogo sana, chini ya sehemu 3 katika 10,000. Ili elektroni iushinde inahitaji nishati ya volti milioni 21 hivi. Ya Lenard haikuwa na nishati hata ya karibu na hapo, na aliuona mwanga.

#23 Jirani wa Nakuru
Sawa Dogo, picha naikubali. Lakini mbona maji ya kinu cha nyuklia yanawaka buluu ile ile?

#24 Mwalimu wa Zamu
Majini ndiyo Cherenkov yenyewe. Mwanga majini unapungua kasi kwa robo, kwa hiyo elektroni ya volti 260,000 tu inatosha. Hewani ni jambo jingine: naitrojeni iliyochokozwa inatoa mwanga wake, mwingi ni wa urujuanimno tusiouona, na kiasi kidogo kinaangukia kwenye zambarau na buluu. Rangi zinakaribiana, chanzo tofauti.

#25 Mwanaidi wa Mionzi
Na kwa mashine za elektroni zinazosafisha sindano na vifaa vya hospitali viwandani, kinachokujulisha siyo mwanga, ni pua. Oksijeni inavunjwa inakuwa ozoni, harufu kali inayokaba koo. Mle ndani kuna feni kubwa za kuitoa kabla mtu hajaruhusiwa kuingia.

#26 Mama Kabare
Jambo wote, niko Bukavu. Mmetaja kinu cha nyuklia: cha kwanza katika Afrika kilikuwa kwetu, TRICO I, chuo cha Lovanium, Kinshasa, mwaka 1959. Hiyo ni ya kando tu. Mimi nimekuja kwa ajili ya radi. Huku kwetu mvua ya alasiri haiji bila radi. Utafiti wa setilaiti uliotoka mwaka 2016 uliiweka Kabare, hapa jirani, ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Miali mia mbili na zaidi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sasa radi si mwale wa elektroni hewani? Na inakwenda kilomita nyingi, siyo sentimita.

#27 Fundi Solda
Mama kauliza swali la maana kuliko wote. Jibuni.

#28 Mwalimu wa Zamu
Mama, radi ni mkondo wa umeme kwenye njia ya hewa iliyogeuka kuwa ioni. Hakuna elektroni inayotoka wingu na kufika ardhini kwa safari moja. Kila moja inasogea kidogo, inagongana, nyingine inasogea. Kinachofika ni msukumo.

#29 Pwani Tulivu
Mwalimu, umefunga mlango mapema. Mwanafizikia C.T.R. Wilson alisema tangu mwaka 1925 kwamba ndani ya wingu la radi uga wa umeme unaweza kuisukuma elektroni kwa nguvu kuliko hewa inavyoirudisha nyuma. Ikishakuwa na kasi ya kutosha hewa haiwezi kuidaka tena. Tumia maneno yako mwenyewe ya #8: mwenye kasi hunyang'anywa kidogo. Kwa hewa ya usawa wa bahari inahitajika kama volti 280,000 kwa kila mita, ambayo ni chini ya sehemu ya kumi ya ile inayotakiwa kupasua hewa kavu kwa cheche ya kawaida. Hapo hakuna "mita 4 basi". Maadamu uga upo, elektroni inaendelea, na inazing'oa nyingine nazo zinakimbia nyuma yake.

#30 Mama Kabare
Pwani umenikumbusha. Tarehe 14 Desemba 2009 setilaiti ya Fermi ya NASA ilikuwa juu ya Misri. Chini yake hapakuwa na wingu la radi. Ila chombo kikapigwa na kundi la elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya). Walipotafuta, dhoruba ilikuwa Zambia, kama kilomita 4,500 kusini. Chembe zilirushwa juu kutoka kwenye dhoruba ile zikafuata mistari ya ugasumaku wa dunia hadi juu ya Misri. Nyingine zikampita Fermi, zikageuzwa na ugasumaku mbele, zikarudi zikampiga tena chini ya sekunde moja baadaye. Zambia hadi Misri! Na nyie mko kwenye sentimita.

#31 Mkolani_Boy
Aisee. Zimepita juu ya vichwa vyetu hivi hivi.

#32 Mwalimu wa Zamu
Tukio hilo ni la kweli, na ni zuri sana. Lakini safari ya kilomita 4,500 ilikuwa nje ya hewa, Mama. Inavyoelezwa, dhoruba ilitoa miale ya gama, gama hazina chaji, zikapanda kwenye hewa nyembamba ya juu, na huko ndiko zilikozaa hizo elektroni na positroni zilizofika kwa Fermi. Elektroni za ndani ya wingu zenyewe hazikutoka.

#33 Pwani Tulivu
Na hizo gama zilizaliwa na nini, kama si elektroni zilizokuwa zikikimbia hewani ndani ya wingu?

#34 Jirani wa Nakuru
Swali langu ni dogo. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari. Hapa miale inakwenda mbali zaidi kuliko Mombasa?

#35 Dogo wa PCM
Ndiyo, jirani. Kinachohesabika ni uzito wa hewa iliyoko njiani. Nakuru hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo mita 4 za Mombasa zinakuwa karibu 5. Kilele cha Kilimanjaro hewa ni nusu na kidogo, mita 4 zinakaribia 8. Ukifika kilomita 15, ambako vichwa vya mawingu ya radi hufika, hewa ni kama sehemu ya sita. Ukipanda hadi kilomita 100 ndipo elektroni za jua zinapokomea kule ncha za dunia na kuwasha anga kijani.

#36 Tanga Raha
Na unyevu je? Huku pwani hewa nzito mpaka shati linaganda mgongoni. Nadhani inazizuia zaidi.

#37 Ruhr_Mbongo
Tanga, mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Hewa yenye unyevu ina uzito mdogo kidogo. Tofauti yenyewe haifikii kuonekana kwenye kazi yangu, labda ukungu wa matone.

#38 Dogo wa PCM
Wakuu, nina flaibeki ya TV mbovu na karatasi ya alumini ya jikoni. Nikitengeneza kidirisha cha Lenard kwa ajili ya maonyesho ya shule?

#39 Mwanaidi wa Mionzi
Hapana mdogo wangu. Alumini ya jikoni ni nene mara kadhaa kuliko ya Lenard, elektroni za volti hizo zitafia humo humo. Na popote elektroni zinaposimamishwa na metali, eksirei zinatoka. Hutaziona wala kuzisikia, na hazikomei sentimita moja kama elektroni. Nimeona vidole vilivyoungua kwa mionzi. Mwombe mwalimu wako tyubu ya maonyesho iliyofungwa, ya volti chache.

#40 Fundi Solda
Msikilize dada. Na flaibeki yenyewe hata ikizimwa, kioo kinahifadhi umeme. Usiiguse.

#41 Pwani Tulivu
Kabla hatujatawanyika wenyewe, kuna kitu cha #4 na #8 hakijakaa sawa. Mwalimu anasema karatasi ya Lenard iliwaka hadi sentimita 8. Pia anasema mng'ao ulishuka nusu ndani ya nusu sentimita. Kwa jedwali lake, kufika sentimita 8 kunataka volti zaidi ya 70,000. Ila miale ya volti 70,000 isingeshuka nusu mapema hivyo. Nadhani ule mkia wa mbali ulikuwa eksirei, zilikuwa zikitoka kwenye tyubu ile miaka miwili kabla ya Röntgen kuzitambua mwaka 1895.

#42 Mwalimu wa Zamu
Wengi huwaza hivyo, ila karatasi inakataa. Lenard aliipaka ketoni ambayo huwaka vizuri kwa elektroni na karibu haiwaki kwa eksirei. Röntgen alitumia bariamu platinosayanaidi, ndiyo iliyomwonyesha. Mimi naona ni koili ya umeme iliyoendesha tyubu yake: haitoi volti tulivu, inatoa mapigo yanayopanda na kushuka. Elektroni nyingi hutoka na volti ndogo na kufa karibu, chache za kilele cha pigo ndizo zinazofika mbali.

#43 Ruhr_Mbongo
Au ni kutawanyika tu, mwalimu. Toka kwenye kitundu cha milimita 1.7, tanuka kila upande, na mng'ao utashuka nusu haraka hata kama kila elektroni ina nishati yake kamili. Huhitaji mapigo.

#44 Mwalimu wa Zamu
Basi niambie kwa nini akipunguza hewa kwenye chumba cha mbele, miale ile ile ikitoka kwenye kitundu kile kile, ilikwenda mbali na kuacha kivuli chenye ukingo mkali.

#45 Ruhr_Mbongo
Kwa sababu kinachotanua ni hewa. Umeshaniunga mkono.

#46 Dogo wa PCM
Mwalimu, na akiweka haidrojeni badala ya hewa kwenye hicho chumba cha mbele? Haidrojeni ni nyepesi mara kumi na nne na ushee. Kama ni nishati kuisha, umbali ungeongezeka kwa kiasi fulani, na kama ni kutawanyika kwenye viini ungeongezeka zaidi ya hapo, maana kiini cha haidrojeni kina chaji moja tu. Kuna mtu ana vipimo vyake vya gesi hizo mbili?